Nadhiri ya Ami Idarusi

Niseme jambo moja mapema tusije tukasumbuana huko mbele: mie naendesha gari vizuri. Makorora nzima sasa ina maneno yake, ati Hasina alikimbiza gari siku ya harusi yake utadhani anafukuzwa. Wanaosema hivyo hawakuwemo. Tuliokuwemo ni watatu tu: mie, shangazi yangu Tausi, na ami yangu Idarusi. Na katika hao watatu mmoja alikuwa amenuna.

Huko kununa ndiko kulikoanzisha yote, basi ngoja nikueleze.

Baba yangu ameshatangulia mbele ya haki na kaka sina, kwa hiyo walii wangu ni ami Idarusi, mdogo wake baba, mkazi wa Muheza. Bila yeye kufungua kinywa akasema amekuozesha, hakuna ndoa, hata kama pilau limeshaiva na watu wamenawa mikono. Sasa washenga wa Hilal walipokuja kuniposa ilikuwa waende Muheza kwa ami, ndiyo adabu. Lakini siku ile mvua ilinyesha Tanga, mvua ya kutisha, wakaona wapitie kwanza Makorora kwa mama yangu wajikaushe. Mama naye akiona mgeni mkono haukai. Akapika. Wakala, wakanywa kahawa, wakala halua, na kufika kwenye halua posa ilikuwa imeshapokelewa. Ami akaja kuambiwa jioni, kwa simu.

"Kwa simu!" Alilisema hilo miezi mizima. "Mtoto wa ndugu yangu anaposwa, mie naambiwa kwa simu, tena simu yenyewe inakatikakatika!"

Akasusa. Na ami yangu akisusa si mchezo. Watu walikwenda kumwomba radhi, akapokea radhi, akapokea na jogoo, akaendelea kususa. Mwisho akasema haya, nitakuja Ijumaa kuozesha. Tukashukuru. Ijumaa ikafika, basi la kutoka Muheza likafika, watu wakashuka, ami hakushuka.

Hapo ilikuwa adhuhuri na ndoa ni baada ya alasiri. Sheikh alipoulizwa akasema, "Walii yu hai, ana akili zake, yuko Muheza. Mfuateni." Kumfuata nani aende? Binamu yangu Sabiri, mwenye gari, alikuwa bandarini anawapokea wazee wa Hilal waliovuka maji kutoka Pemba. Wanaume wengine wako kwenye masufuria. Gari lililobaki nyumba nzima ni kile kigari changu chekundu, na wa kukiendesha ni mie peke yangu.

Mama akashika kichwa. "Bi harusi hatoki nje, Hasina! Una hina mpaka viwiko!"

"Basi nikae ndani na hina yangu, nisiolewe," nikamwambia, nikachukua ufunguo.

Unanielewa lakini? Mie si mwari. Nilishaolewa nikiwa kigoli, na bwana wa Korogwe aliyechaguliwa na ami huyu huyu. Sheikh alipokuja kuniuliza siku ile nilinyamaza, kwa sababu nilifundishwa mwari hunyamaza, na kimya changu kikahesabiwa ndiyo. Sitaki kulizungumza sana lile la Korogwe. Nilirudi kwetu na begi moja, nikaanza maisha. Halafu akaja Hilal na duka lake la vyombo pale Ngamiani, mtu mpole, anacheka mpaka machozi, na anaponisikiliza husikiliza kweli. Nampenda, nasema wazi, sioni haya. Kwa hiyo siku ile ningemfuata ami hata angekuwa Arusha.

Shangazi Tausi akadandia kiti cha nyuma bila kuitwa. Yeye ndiye dada yao mkubwa, na duniani ami Idarusi anaogopa viumbe wawili: nyoka na shangazi Tausi. Mkononi alikuwa ameshika kikapu, sikuuliza kina nini. Laiti ningeuliza.

Tukamkuta ami kwenye baraza yake Muheza, amevaa fulana na shuka la msuli, anamenya chungwa taratibu kama mtu asiye na haraka na dunia.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba." Akaendelea kumenya.

"Ami, watu wanakungoja."

"Wananingoja? Waambie kwa simu."

Nikauma midomo. Shangazi Tausi alishuka garini, akasimama mbele yake, akasema maneno mawili tu: "Idarusi, inuka." Akainuka. Lakini aliinuka na sharti zake. "Nakwenda kuwasalimia wageni wa Pemba, hawana kosa. Kuozesha, siozeshi. Na huyu," akaninyooshea kidole cha chungwa, "sisemi naye neno mpaka nirudi kwangu."

"Ingia kwanza," shangazi akasema.

Akaingia na shuka lake vile vile, kanzu kaibeba mkononi. Na hapo ndipo shangazi alipoinusa ile kanzu. Uso ukamkunjamana.

"Idarusi! Kanzu hii imetoka wapi, kaburini? Inanuka sanduku!"

"Imekaa tangu Idi."

"Walii wa ukoo wetu hataingia mbele ya Wapemba ananuka sanduku." Akafungua kikapu, akatoa chetezo. Akavuka uani kwa jirani, akarudi nacho kimejaa makaa mekundu, akakaa nacho kiti cha nyuma, akakiweka sakafuni katikati ya miguu yake, akatia udi, akatia na ubani, akaitandaza kanzu juu yake kama anaotamia mayai.

"Shangazi," nikasema, "ndani ya gari?"

"Kwani gari si chumba? Funga vioo huko mbele, udi wa watu usipotelee barabarani. Udi wenyewe ni wa maana huu."

Nilipaswa kukataa. Lakini mwambie wewe shangazi Tausi hapana, mie nimeshindwa maisha yangu yote. Nikafunga vioo, nikatia gia.

Barabara ya Muheza kuja Tanga siku ya Ijumaa mchana sikwambii. Malori ya machungwa, malori ya saruji, mabasi yanayotoka Dar yanakimbilia abiria, bodaboda huku na huku, kila mtu ana haraka na kila mtu ana honi. Ami kakaa kushoto kwangu, uso kautazamisha dirishani. Akitaka kusema na mie anapitishia nyuma.

"Dada, mwambie dereva wako apunguze mwendo."

"Hasina, ami yako anasema upunguze."

"Nimemsikia, shangazi."

"Idarusi, amekusikia."

Tukaenda hivyo mpaka Mkanyageni. Kucheka nataka, nashindwa. Harufu ya udi ilikuwa nzuri mwanzoni, wallahi, nilijiona nimeshaingia chumbani kwangu. Halafu moshi ukaanza kushuka kutoka darini. Mara sioni vizuri kioo cha nyuma. Mara shangazi mwenyewe simwoni, nasikia kikohozi chake tu.

Simu ikalia, shangazi akaipokea. Sauti ya mama ilijaa gari zima. Mko wapi? Sheikh ana ndoa nyingine Chumbageni, hangoji! Alasiri inakaribia! Na mkubwa wa wazee wa Pemba ameshauliza, kama hatutakiwi tuambiwe, kesho asubuhi tupande boti yetu turudi!

"Tuko Pongwe!" shangazi akadanganya, akakata simu. "Hasina, kanyaga."

Nikakanyaga. Tulipokaribia Pongwe kweli, mbele yetu likawa lori la machungwa, limejaza mpaka juu, linajikokota. Nyuma yangu msururu wa magari. Sasa wewe unayepita barabara ile unajua, dereva wa lori akiwa muungwana hukupa ishara. Akiwasha taa ya kushoto, njia ni nyeupe, pita. Akiwasha ya kulia, tulia, kuna kitu kinakuja. Nikaona taa inawaka na kuzima. Moshi umetanda, macho yananitoka machozi, naona wekundu unapepesa tu. Ya kushoto au ya kulia?

"Ami, taa gani ile?"

Kimya.

"Ami! Kushoto ama kulia?"

Ami kimya, kautazamisha uso dirishani. Nikajiambia, ingekuwa hatari angesema. Hata mtu aliyenuna ana roho. Nikajipa jibu mwenyewe: kushoto. Nikatoka kulia, nikakanyaga mafuta.

Yarabi toba! Basi! Basi zima, pana kama nyumba, linakuja usoni mwangu limewasha mataa yote, honi inalia mfululizo. Kushoto kwangu lori, kulia kwangu mtaro. Mbele ni basi, na nyuma ya moshi shangazi ameanza shahada kwa sauti.

Hapo ndipo ami yangu aliposema. Miezi ya kununa ilimtoka kwa pamoja. Alishusha kioo, akatoa kichwa na mkono nje, fulana inapepea, akapiga ukelele uliosikika mpaka kwa muuza machungwa wa mwisho:

"Yarabi! Ukitutoa hapa salama namuozesha Hasina leo! Leo leo! Nadhiri! Nadhiri yangu kwako, na mbuzi juu yake!"

Dereva wa lori, Mungu ampe pepo, akashika breki mpaka machungwa yakamwagika. Likapatikana pengo. Nikajitupa ndani ya pengo lile, basi likapita, kioo changu cha pembeni kikaenda nalo, na kigari kikaacha lami, kikaruka, kikayumba, kikaingia kwenye meza za machungwa za pembeni ya barabara, kikasimama. Ami bado anapiga kelele. "Namuozesha! Namuozesha! Nadhiri!" Gari limesimama kitambo, yeye anaozesha tu.

Nikafungua mlango. Moshi wote wa Muheza hadi Pongwe ukatoka kwa mkupuo mmoja.

"Gari linaungua!"

Sikuwahi kusema neno. Watu walikuja na ndoo, na madumu, mwingine na sufuria ya maji ya kuoshea vikombe. Walinimwagia mie, wakamwagia gari, wakamvuta shangazi kutoka nyuma huku kakumbatia chetezo chake hataki kukiachia, wakakimwagia na chetezo. Ami alitoka kwa miguu yake, fulana imelowa chapachapa, shuka kalishika kwa mikono miwili lisimdondoke. Nikamtazama. Nikatazama mikono yangu yenye hina. Nikaanza kucheka. Kicheko gani kile mie sijui, kilitoka tumboni kikakataa kusimama, nikakaa chini kwenye machungwa ya watu nikawa nacheka na kulia kwa pamoja. Tu wazima! Tu wazima wote watatu! Dereva wa lori akaja mbio anataka kunitukana, akaona bi harusi mwenye hina kakaa chini anacheka, naye akashindwa, akacheka.

Mwenye meza za machungwa alikuwa mama mmoja mpana, Mbondei, anaitwa Benedikta. Akauliza, "Huyu mzee anamuozesha nani?"

"Mie," nikasema.

"Leo?"

"Leo."

"Hongera!" akasema Benedikta, na akanirushia chungwa.

Ami alikuwa ameshaanza kurudiwa na akili, na akili ya ami ikirudi hurudi na ubishi. Akakohoa. Akakaza shuka. "Jamani," akasema, "maneno mengine mtu huyasema kichwani kuna moshi."

Shangazi Tausi akageuka taratibu, maji yanamchuruzika kwenye ushungi. "Idarusi. Nadhiri ina moshi?"

"Nasema tu, dada, kwamba pengine haikutimia sharti zake..."

"Tumekusikia, mzee!" akasema kijana wa bodaboda. "Mara nne!"

"Mara tano," akasema dereva wa lori. "Mie ya kwanza nimeisikia nikiwa kwenye usukani."

"Na mbuzi," mwingine akakumbusha.

"Mzee," akasema Benedikta, mikono kiunoni, "mie ni Mkristo, lakini hiyo uliyosema haitoki hata ukiisugua kwa mawe. Umemwambia Mungu, naye ametoa mzigo wake. Sasa na wewe toa wako."

Watu wakaangua kicheko. Ami akatazama huku, akatazama kule, hana pa kutokea. Nami kicheko kikanikatika ghafla, kwa sababu nilikumbuka lile ninalotaka kuliuliza. Nikainuka, nikamsogelea.

"Ami, ile taa uliiona?"

Akainamisha uso.

"Uliiona?"

Ilikuwa mara ya kwanza anijibu mie mwenyewe tangu tuondoke Muheza. "Niliiona," akasema kwa sauti ndogo. "Ilikuwa ya kulia. Niliona na basi kwa mbali. Nikasema moyoni, sisemi naye. Nimeapa sisemi naye." "Nusura nikuue, Hasina, kwa kununa."

Hasira niliyokuwa nayo kwa mzee yule ungeweza kuchemshia chai. Nilitaka kumpigia kelele mbele za watu. Lakini alisimama pale kalowa, mguu mmoja una kiatu mwingine hauna, na macho yake ni ya baba yangu. Nikamwambia, "Vaa kanzu, ami. Tumechelewa."

Kanzu ilipatikana chini ya kiti. Ilinukia udi vizuri ajabu, hilo shangazi analidai mpaka leo, ila kaa moja lilikuwa limetoboa tundu mgongoni ukubwa wa kikombe. Akaivaa hivyo hivyo. Kigari kikawaka. Vijana wa bodaboda wakatangulia mbele, honi zao zinalia, wanatufungulia njia kutoka Pongwe, tukapita Kange watu wanatushangaa, mpaka mjini. Vioo vyote wazi. Shangazi Tausi nyuma anaimba nyimbo za kumtoa bi harusi, na mie nimeloa mpaka kwenye nywele, naendesha polepole, nacheka peke yangu.

"Hasina," ami akasema tulipoingia Makorora, "kushoto pana mtoto."

"Nimemwona, ami."

"Na kulia pana mkokoteni."

"Ahsante, ami."

Hakunyamaza tena. Alinisomea barabara nzima, shimo hadi shimo, mpaka mlangoni kwetu.

Mama alipotuona alitaka kuzimia, halafu akaona ami yumo, akaahirisha kuzimia. Nikasukumwa ndani, nikakaushwa, nikafunikwa kanga mpya kichwa mpaka miguu. Alasiri ilikuwa imeshaswaliwa. Sheikh alikuwa anatazama saa yake ya mkononi. Akaja mlangoni pa chumba, kama ilivyo ada, kuchukua idhini yangu kabla ya kwenda msikitini, na ami kasimama pembeni yake, na mzee mmoja wa Pemba upande wa pili.

"Bi Hasina," sheikh akasema, "umeridhia ami yako akuozeshe kwa Hilal?"

Nikafungua mdomo, na badala ya jibu kikaja kile kicheko. Chini ya kanga. Nilijibana, nikajifinya, wapi! Nilikuwa namwona ami anaozesha kwa mkono nje ya dirisha. Mabega yalinitikisika. Shangazi Tausi akaanza naye. Wanawake wote wa chumba kile wakaanza, hawajui wanachekea nini.

Sheikh akatabasamu. "Haya, amefurahi. Mwanamke akicheka ameridhia. Twendeni, wakati unatukimbia."

"Hapana," akasema ami.

Nikasema basi, ndiyo yale yale, amegeuka.

"Hapana, sheikh. Muulize tena, na umngoje ajibu." "Mara ya kwanza hakusema, na mie nikakaa kimya, tukamuoza. Yule bwana nilikuwa na habari zake, nikakaa kimya. Leo nimekaa kimya tena njiani, nusura nimzike. Mie na kimya basi. Aseme mwenyewe, tumsikie."

Kicheko kikaniisha chote. Nikaifunua kanga usoni, mama akalalamika, sikumjali. Nikamtazama ami yangu, na lile tundu la kanzu yake, na macho yake mekundu ya moshi.

"Namtaka Hilal," nikasema, kwa sauti ambayo nyumba ya tatu waliisikia. "Namtaka. Niozeshe, ami."

Vigelegele vikapasua dari. Ami akajifuta uso kwa kiganja, akageuka aende msikitini na sheikh na mzee wa Pemba. Alipofika kizingitini akarudi hatua moja.

"Mwanangu," akaniambia, "na huyo mbuzi nitamleta kwa basi."